Sifuri Nilizoziandika Micheweni

Mwaka ule riwaya yangu ilikuwa imekwama, nikakubali kazi ya kupima vyama vya ushirika hapa Pemba: wanakusanya takwimu gani, wanazichambuaje, na kama uchambuzi huo huwasaidia kuamua. Nilipewa tableti yenye maswali, kila swali alama kuanzia sifuri hadi nne. Ushirika utakaoongoza ungepewa boti ya kulimia mwani kwenye maji marefu.

Wanawake wa ushirika wa Micheweni waliitaka boti ile kuliko kitu chochote. Maji ya ufukweni yamekuwa moto. Mwani unapauka, unalainika, unakatika kambani. Wanawake huufuata mbali zaidi kila mwaka, mpaka maji yawafike shingoni, na wengi wao hawajui kuogelea.

Katibu wao, mama wa makamo mwenye vidole vilivyochanjwa na kamba, alinipokea kwenye banda la kukaushia. Wenzake walikuwa wakifunga mbegu za mwani kambani.

"Mnaweka kumbukumbu za mavuno, mama?"

"Kumbukumbu gani, mwanangu? Sie twalima tu."

"Mnalinganisha msimu huu na uliopita?"

"Tutayajulia wapi hayo, sie watu wa kutia mguu majini?"

Mmoja akadakia: "Maswali haya! Hata mposaji haulizi hivi. Mwisho atataka tufungue vinywa ahesabu meno."

"Yako atamaliza upesi," akajibiwa.

Wakacheka. Nami nikacheka, kidole changu kikigonga sifuri, sifuri, sifuri. Nikatuma fomu pale pale, kama nilivyoagizwa.

Kisha ukaja muhogo wa nazi na samaki. Tulipokwisha kunawa, katibu akaingia ndani, akatoka na furushi la kanga. Ndani yake mlikuwa na madaftari ya shule, mengine yameliwa na chumvi pembeni.

"Sasa umekula chetu," akasema. "Tazama."

Kila bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, ilikuwa na ukurasa wake, kwa tarehe za mwezi mwandamo: kamba ngapi zilitiwa, zipi zilipauka, upepo ulitoka wapi. Akanionyesha kwa kidole kurasa za miaka mbalimbali zilizofanana. Kwa kurasa hizo walijua lini waung'oe mwani mapema kabla haujaharibika. Msimu uliopita jirani zao walipoteza shamba zima, wao walivuna. Nilikuwa nimeshapita ofisi zenye chati za rangi ukutani, na sikuwa nimeona mahali ambapo namba zinasikilizwa namna ile.

"Mbona hukunambia, mama?"

"Ulikuwa hata hujakaa, mwanangu. Mtu apiga hodi, mara aniuliza nina kiasi gani! Nimwambie, nijitakie kijicho?"

Mimi ni mzaliwa wa Gando, hapa hapa Pemba. Mama yangu hakuwahi kutaja idadi ya kuku wake mbele ya mgeni. Ni mimi niliyepaswa kujua, si waliotunga maswali.

Nikampigia simu msimamizi wangu, Unguja.

"Fomu ikishatumwa imefungwa," akasema.

"Lakini nimekosea. Wana kila kitu hapa."

"Wote husema hivyo baada ya kupimwa. Andika kwenye ripoti."

Niliandika. Nilieleza madaftari, bamvua, mpaka ule muhogo. Sikujibiwa. Nikaandika tena kwa maneno makali zaidi, mimi ninayeamini kwamba sentensi nzuri hufungua mlango wowote, na mlango haukutikisika. Boti ikaenda kwa ushirika wenye kompyuta na chati ambazo hakuna mwanachama aliyeweza kunieleza. Alama zao za nne niliwapa mwenyewe.

Nilirudi Micheweni kuwaambia. Maji yalikuwa yameanza kutoka, na katibu alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, kamba begani. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Sasa wewe kosa lako lipi?" akasema. "Uliandika tulivyokwambia."

Laiti angenitukana. Akaniuliza hali ya mama, akaniambia nimsalimie, akawafuata wenzake. Nami sijui kuogelea. Nilisimama maji yaliponifika magotini, nikihesabu vichwa vyao kule mbali, na kila nilipofika mwisho nilianza upya.