Picha ya Mwisho Kwenye Mkanda

Harufu ya siki hunijia nisipoitaka. Juzi, katika mgahawa mmoja hapa Dodoma, kijana aliimwaga kwenye kachumbari yangu kwa mkono mkarimu, na wenzangu walipoendelea kujadili posho za semina, mimi nilikuwa nimesharudi uani kwetu, nina miaka minane, nimekabidhiwa kopo jeusi ambalo ole wangu nilifungue mwanga uingie. Kachumbari niliila yote. Umri huu mtu hasusi chakula kwa sababu ya kumbukumbu.

Baba yangu alikuwa kerani, mtu wa Tanga, aliyeletwa Dodoma na uhamisho wa serikali na akabakizwa na mama. Alikuwa na kamera ya mtumba na imani kwamba hakuna fundi anayemshinda mtu aliyesoma maelekezo. Mwaka ule akakataa kupeleka mkanda studio. Tutausafisha wenyewe, alisema, hapahapa nyumbani. Akakusanya dawa za unga, lile kopo, na divai nyeupe iliyochacha mpaka ikawa siki, zawadi ya rafiki yake mwenye shamba la zabibu Makutupora. Kazi ya siki ni kuikatiza dawa isizidi kuila picha. Jambo hilo baba alimweleza kila aliyepita, hata muuza mkaa.

Mama alitaka picha moja tu. Mama yake, bibi yetu wa Mvumi, alikuwa anapofuka kwa vikope. Kope zilikuwa zimejigeuza ndani, zinakwaruza jicho kila anapolifumba. Alikuwa ameagiza apelekewe uso wa mwanawe, autazame vizuri kabla giza halijafunga. Bibi hakuwa mtu wa kuomba. Alipoomba, uliona aibu kumkawiza.

Basi baba akaiweka picha ya mwisho ya mkanda kwa ajili ya mama. Nyingine tulikuwa tumezimaliza sisi watoto, jirani, na mbuzi wa jirani. Jumamosi asubuhi mama akasukwa, akavaa kitenge chake cha Pasaka. Lakini mkanda unataka maji mengi ya kuusuuza, na bomba letu lilikuwa limekauka, kama ilivyo desturi ya kiangazi cha kwetu. Baba akamwomba akalete maji kwanza. Akirudi apigwe picha, kisha kazi ianze papo hapo. Mama akajifunga kanga juu ya kitenge, akachukua ndoo.

Foleni ilikuwa ndefu. Jua likapanda. Dawa haitaki joto, baba alisema. Ikipata moto picha inababuka kama ngozi. Kipimajoto tulichokuwa nacho kilikuwa cha homa, hakijui kitu mpaka mtu augue, kwa hiyo baba aliipima dawa kwa kutumbukiza kidole na kukunja uso. Alitumbukiza, akakunja uso, akatazama njia. Akatumbukiza tena. Mwishowe akaisukuma baiskeli yake mpya, akaiegemeza kwenye ukuta aliokuwa amemchagulia mama, akaipiga picha.

Mama aliporudi, baba alikuwa kitini, mikono amezamisha ndani ya koti lake la sufu lililofungwa vifungo vyote na kuviringishiwa blanketi, anauhamishia mkanda kwenye kopo katika giza hilo la kujitengenezea. Alionekana kama mtu anayegombana na kuku. Mama akatua ndoo, akafungua kanga, akapangusa uso.

"Nisimame wapi?"

"Mama Seche, dawa ilikuwa inapata moto. Nimemalizia na baiskeli." Hakugeuka, koti halikumruhusu. "Safari ijayo utakuwa wa kwanza."

Mama alisema maji haya hapa. Na kazi ilipofika kwenye kusuuza, ni yeye aliyesimama na kata, ndani ya kitenge cha Pasaka, akaumiminia mkanda ule mpaka ndoo ikaisha.

Mimi nilifurahi, sifichi. Mkanda ulipoanikwa kwa vibanio vya nguo, tulikuwemo humo, meno meusi, nywele nyeupe, maana mkanda hugeuza rangi, na baba akanibeba mabegani kuzunguka ua. Baiskeli ilitoka vizuri kutushinda wote. Spoku ungeweza kuzihesabu. Akazichapa picha kwa kuubana mkanda juu ya karatasi, chini ya kioo, na kumulika tochi. Zilikuwa ndogo, kama kiberiti.

Tulizipeleka Mvumi baada ya mvua za kwanza. Bibi alikuwa haoni tena. Alitupokea kwa viganja, akatushika mashavu mmoja mmoja. Baba, asiyekubali kazi yake ipotee, akawa anamwekea picha mkononi na kumweleza kwa Kiswahili: huyu Seche, huyu mdogo wake. Bibi aliitikia kwa kichwa. Kiswahili alikisikia, ila hakukizungumza. Kisha akamgeukia mama, akamuuliza kwa Kigogo yeye yuko wapi. Kigogo ndicho walichozungumza siku zote wakiwa pamoja, nacho baba hakuwahi kukijua kuvuka salamu.

Mama akaitafuta picha ya baiskeli. Akakishika kidole cha bibi, akakiweka juu yake, akajibu kwa Kiswahili.

"Mimi huyu hapa, mama. Nimeegemea ukuta."

Bibi akaipapasa taratibu, akasema kwa Kigogo kwamba mwanawe amekonda. Nikacheka. Mama akanifinya paja. Baba akasimama, akasema anakwenda kuangalia kama basi limefika. Basi lilikuwa la kesho yake.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho chenye huruma: mama alivyomdanganya kipofu ili asimvunje moyo. Nilisoma isimu chuo kikuu. Nimesimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia kwamba mtu habadili lugha katikati ya mazungumzo bila sababu, nikawatungia na mtihani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mama, siku ile, alibadili. Bibi hakuhitaji Kiswahili ili adanganywe. Aliyekihitaji alikuwa ameketi kando yake, na pakiti ya picha mapajani.

Baba alielewa palepale. Alinunua mikanda mingine, na kila alipomwita mama ukutani, mama alikuwa na mboga motoni. Hakuinua sauti, hakununa, hakulitaja jambo lile tena. Nilikua nikiwaona hawagombani hata siku moja, na nikawa nawaringia wenzangu kwamba kwetu kuna amani.