Oui ya Butembo

Kazi yangu ni kuandika programu za ordinateur, kompyuta, na chenye kilinichokesha mu ile kazi ni ma-test. Unaomba kazi, banakutumia test ya kufanyia nyumbani, unaifanya, unairudisha, halafu kimya. Unaomba fasi ingine: test ingine. Mama alikuwa ananiuliza, "Ile masomo yako haiishake?" Nilikuwa nacheka tu. Kumueleza ilikuwa kazi ingine tena.

Ya mwisho ilitoka kwa kampuni moja ya Ulaya. Wangenipa kazi nibaki palepale Butembo. Nikasema: hii ikikataa, basi, naenda kuchimba zahabu Manguredjipa, kwenye shemeji yangu alikuwa ananingojea. Muke wangu hakutaka hata kusikia ile jina. "Ule mulima banachimba kule unafunikaka batu," alisema.

Test ilikuwa programu ya kupanga commandes za duka, vile vitu wateja wanaagiza. Niliiandika peke yangu, na umeme ya panneau ya jua. Mawingu yakikuja, machine inazima, nakaa tu kungojea. Lakini niliipenda ile programu, kweli.

Wakaniita kwa entretien ya video, maulizo ya kazi, mu Kifaransa. Mwenye kuniuliza alikuwa mama mumoja mupole. Aliuliza juu ya kila fasi ya programu, nikajibu, akatabasamu. Mwisho, kama mutu anafunga mulango, akauliza:

"Na hakuna mutu alikusaidia?"

"Oui," nikajibu: ndiyo.

Akaacha kutabasamu. "Basi haukuifanya peke yako?"

"Non!" nikasema kwa nguvu: hapana!

Akaandika kitu, akaniaga vizuri. Nikatoka na furaha, eti nimejibu muzuri.

Kwetu, mutu akikuuliza "Haukula?" na kweli haukula, unajibu "ndiyo": ndiyo, ni vile unasema, sikula. Kama ulikula, unajibu "hapana". Mu Kifaransa chao inageuka. Oui yangu ilimuambia mutu alinisaidia. Non yangu ikamuambia sikuifanya peke yangu. Nilijihukumu mara mbili na mudomo wangu mwenyewe!

Niliyajua hayo siku message yao ilifika. Walinishukuru sana juu nilisema ukweli bila kuficha, mais test ilikuwa ya kufanya peke yako, basi hawatanichukua. Niliisoma, nikaisoma tena, ndio oui yangu ikanirudia mu masikio. Nikaandika kueleza yote. Jibu likaja palepale: ile adresi haipokeake message. Nilikasirika.

"Basi uwapigie simu," muke wangu akasema.

"Namba iko wapi?"

Kesho yake asubui nilimukuta anakunja tricot yangu nzito ya baridi, anaiweka mu sac ya safari. Kule Manguredjipa hakuna baridi kama ya Butembo, mais sikumuambia aitoe.