Mlinzi wa Mlango wa Choo

Siku hizi jengo la uhandisi lina choo cha wasichana kila ghorofa, na bado foleni yao inafika kwenye ngazi. Mama Ndoo, aliyelisafisha jengo hilo kwa miaka thelathini na moja, huwapita na dekio lake wala hawainui macho kutoka kwenye simu.

"Nawapenda wote," huwaambia wenzake, "ila yule mmoja nilimpenda zaidi."

Yule mmoja alikuwa msichana peke yake katikati ya wavulana arobaini. Waliolijenga jengo hawakuwaza kwamba mwanamke angeingia humo ila kwa kufagia. Choo cha wanawake kilikuwa kule maktabani, ng'ambo ya uwanja, basi binti wa watu akaamua kutokunywa maji. Wiki ya tatu akazirai karakanani. Kesho yake Mama Ndoo akamkuta ngazini na sanduku lake.

"Narudi nyumbani, mama. Sikujua nitashindwa na choo."

"Hesabu zote zile umeziweza, uje ushindwe na mkojo? Mwanangu, we kunywa maji. Mlango niachie mimi."

Tangu hapo msichana akawa anaingia choo cha wanaume, na Mama Ndoo anasimama nje na ufagio. Wakubwa wangejua, kibarua kingeota nyasi. Siku moja mkuu wa kitivo mwenyewe akaja mbiombio.

"Nipishe."

"Subiri kidogo, mwalimu. Kuna mhandisi ndani."

Mhandisi akakohoa, na sauti ikamfichua kuwa ni msichana. Mzee wa watu aligeuka. Alikata uwanja mzima hadi vyoo vya maktaba kwa hatua fupifupi, heshima ameiweka kando. Mwezi haukuisha, mafundi wakaja kujenga choo cha wasichana.

Mama Ndoo alifurahi mno. Lakini msichana hakuwa na sababu tena ya kupita kwake, na zile dakika tano zao za soga mlangoni zikaisha. Mama Ndoo alimkumbuka hadi moyo ukamuuma, akajiona mjinga.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho msichana akatokea, midomo imemkauka.

"Mama, nisimamie."

"Si una chako pale?"

"Sina haja ya choo. Naogopa. Nataka tu usimame."

Mama Ndoo akatua ndoo, akaenda kusimama nje ya chumba cha mtihani kwa saa tatu nzima. Siku hiyo korido hazikufagiwa.