Mzee wa Senti Zenye Tundu

Habari ya kifo chake niliipata mwezi uliopita katika mkahawa wa mjini tulikozoea kunywa chai, kutoka kwa mhudumu aliyedhani tayari najua. Nimechoka kupokea habari za namna hii nikiwa na kikombe mkononi. Hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana, ila nilimpenda. Alikuwa mchora ramani mstaafu, mkazi wa mtaa wa Woodley jijini Nairobi, na tangu astaafu alizunguka na mashine inayolia ikinusa madini ardhini, akitafuta senti za mkoloni, zile zenye tundu ambazo nyanya zetu walizitunga kwenye uzi.

Hakutafuta utajiri. Alizaliwa katika kijiji cha vibanda upande wa Kilimani, kilichobomolewa na serikali ya kikoloni yeye akiwa mtoto wa mgongoni. Mamake aliuza uji pale, na alikufa bila kumwonyesha mahali, maana hakutaka hata kupita barabara ile. Mwana akaamua kupatafuta mwenyewe. Asubuhi alishinda mjini katika hifadhi ya nyaraka akilinganisha ramani kuukuu na mpya; jioni aliwahoji vikongwe kuhusu vijito na njia za miguu. Hoja yake ilikuwa rahisi: penye foleni ya uji, pesa ndogo hudondoka. "Zikizidi mahali pamoja," aliniambia, "hapo ndipo mama alikuwa anasimama."

Jumamosi moja nilimsindikiza kuijaribu mashine kwenye kiwanja cha mtaa jirani. Kabla hatujamaliza upande mmoja, akina mama wakatutokea na miko na majembe. Miaka ile, mtu mwenye chombo kwenye kiwanja wazi Nairobi hakuwa na maana nyingine: ni mpima ardhi, ametumwa na mnyakuzi.

"Nani amewatuma? Hii kiwanja ni ya watoto wetu, haiendi mahali!"

"Mama, natafuta senti za zamani tu."

"Senti? Hata shilingi siku hizi hainunui kitu, na wewe unatafuta senti? Unatuona mafala?"

Mashine ikatwaliwa, nasi tukasindikizwa hadi barabarani kama wezi wa kuku. Mimi nilikuwa nimefura. Yeye alitabasamu njia nzima. "Wa kwetu wangesimama hivi," alisema, "ningejua nilizaliwa wapi." Mashine alirudishiwa baada ya chifu kuingilia kati.

Miaka ikaenda. Nyumba za Kilimani zenye bustani zikawa zinaangushwa moja baada ya nyingine, naye akishindana na matingatinga. Hatimaye ramani zikamfikisha kwenye ploti moja. Mwenye ploti alimwambia arudi Jumatatu. Jumatatu tukakuta shimo limeanza kuchimbwa na malori yanabeba udongo. Msimamizi wa mjengo akamhurumia. "Mzee, uko na saa ya lunch pekee. Vijana wakirudi, utoke."

Ilibaki kona moja, karibu na ua. Mashine ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Tukafukua vifuniko vya soda, kisha senti, na nyingine, na nyingine, zote mahali pasipozidi upana wa mkeka. Chini yake palikuwa na mafiga matatu, meusi kwa moshi. Senti hakuzitazama tena. Aliketi kwenye udongo na suruali yake safi, akaweka kiganja juu ya figa, akalia, nami nikalia naye. Wafanyakazi waliporudi nilimwambia tubebe figa moja. Akakataa. "Likitoka hapa litakuwa jiwe tu."

Nimechoka na mji huu unaojenga kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Sisemi ghorofa zisijengwe. Watu wanahitaji pa kulala. Lakini ni aibu mtu aliyezaliwa hapa kupewa saa ya lunch kumtembelea mamake. Nasi tuna hatia yetu, kwa kuwaacha wazee wafe na siri ya walikotoka eti tunaogopa kuwaliza. Waulizeni. Wakikataa, ngojeni kidogo, muwaulize tena.

Baada ya mazishi, binti yake aliniomba nimwonyeshe pale alipouzia uji nyanyake, ambaye yeye humwita shosho. Sasa ni ghorofa, na kona ile ni maegesho ya magari. Askari wa langoni akatusimamisha.

"Sasa madam, mnaenda kwa nani?"

Binti akanyosha kidole kwenye yale magari ya konani.

"Kwa shosho," akasema.