Mlango wa Nyuma wa Gari Nyeusi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatwa maneno. Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinikuta mimi mwenyewe, mchana, jua linawaka, hapa Bunia, kwenye parseli yetu, kiwanja chetu cha mtaa wa Shari, wakati ule wa vita. Na pombe sinywi, muulize yeyote.

Kazi yangu ilikuwa kuosha na kung'arisha magari. Ninyi mnaoendesha tu hamjui, lakini rangi ya gari inaumia. Ukiipangusa vumbi kwa kitambaa chenye mchanga, huku unazungusha mkono, unaiachia mikwaruzo midogo midogo ya mviringo. Kivulini huioni. Jua likiipiga, eh, gari nzima imekuwa utando wa buibui. Na ikiwa nyeusi, aibu yake haifichiki.

Siku hiyo komanda wa wapiganaji walioshika mtaa wetu akaniletea gari nyeusi. Aliipata wapi? Nani angemuuliza? Askari wake walikuwa wanaipangusa kwa magunia, ikajaa utando, na yeye usiku anangoja wageni wakubwa. Sikupata hata nafasi ya kusema kwamba dawa ya kung'arishia imekwisha na maduka yote yameporwa. Walimchukua yaya Faustin, kaka yangu mkubwa, yeye aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki. Komanda akaniambia polepole, bila hasira yoyote:

"Jua likienda kuzama nakuja. Nikikuta hii buibui ingali kwa gari yangu, yaya yako utamuzika weye mwenyewe."

Walipotoka nikafunga geti kwa waya, nikaanza. Nilijaribu majivu kwenye kona moja, chini karibu na gurudumu. Yakaongeza mikwaruzo. Basi nikakaa chini nikalia, wala sioni haya kusema. Mtu pekee niliyebaki naye duniani, na uhai wake umeshikwa na rangi ya gari!

Niliponyanyua kichwa, kulikuwa na mwanamke amesimama karibu yangu. Kitenge cha manjano, mimba kubwa ya kukaribia kujifungua, anatafuna pemba, ule udongo mweupe wanaoupenda wanawake wenye mimba. Akaomba maji. Ndoo yangu ilikuwa nusu, ya kazi, na kwenda kuchota siku zile ilikuwa kujitafutia risasi. Roho ilinivuta kusema hakuna. Lakini na ile mimba, kwa lile jua? Nikamchotea kikombe kizima. Alikunywa chote, akaitazama gari kwa muda mrefu.

Akaniuliza ninalia nini, nikamweleza yote. Akachota kidogo yale majivu, akayaonja, akatema. Halafu akanikatia kipande cha udongo wake.

"Papa, majivu iko na muchanga. Tafuna hii. Ikilia kwa meno, tema. Ikinyamaza, pakaa."

Nikatafuna. Haukulia. Ulikuwa laini kama uji. Akanikataza kitambaa, akasema hakuna kitambaa cha Bunia kisicho na vumbi, nitumie kiganja kitupu. Akanikataza pia kuzungusha mkono: mbele na nyuma tu, moja kwa moja. Niamini, niliposafisha sehemu ya kwanza kwa maji, utando ulikuwa umetoka na rangi imetulia. Nilimshukuru sana.

Tukafanya kazi mchana kutwa. Mikono yangu ilikuwa inawaka moto. Mimi nilizunguka gari yote, yeye alishika mlango mmoja tu, wa nyuma upande wa kushoto. Niliona viganja vyake havina mstari hata mmoja, nikadhani ni kazi za nyumbani. Mwisho nikamuuliza, "Mama, mbona uko kwa mulango moja tu?"

Akajibu bila kunitazama: "Huu ndio nilishindwa kufungua."

Nikautazama ule mlango, uling'aa kabisa, nikajiona mimi, nikamwona na yeye nyuma yangu. Tumbo halikuwepo. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, kichwa kidogo kimelala. Nikageuka. Parseli tupu. Geti limefungwa kwa waya vilevile nilivyolifunga mimi, kutoka ndani. Sasa niambie, aliingilia wapi?

Jua likielekea kuzama, komanda akaja na watu wake. Aliinama, akakagua mbele, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika mlango wa nyuma akasimama. Akageuka kutazama nyuma yake. Akautazama mlango tena. Jasho likamtoka.

"Huyu mama," akasema kwa sauti ndogo, "alikufa."

Akaamuru yaya Faustin aletwe upesi, akaondoka kwa miguu, ufunguo ameuacha kwenye gari. Kaka yangu aliingia getini mzima, nikamkumbatia na mikono yangu ya udongo.

Vita vilipotulia, mzee mmoja alikuja kutoka Boga kutafuta gari ya mdogo wake. Aliitambua. Akatueleza, mimi na yaya Faustin, kwamba shemeji yake alikuwa anapelekwa kujifungua kwa gari hiyo, wakasimamishwa na wapiganaji kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, risasi zikaanza, na mlango wa upande wake ukakwama. Nikamuuliza alivaa nini. Akasema kitenge cha manjano. Tukalia wote watatu, akachukua gari yake akaenda.

Na mimi? Mistari ya viganja na vidole vyangu ilifutika siku ile, haikurudi. Wakati wa kuandikisha watu kwa kadi za uchaguzi, mashine ilikataa vidole vyangu vyote. Kijana wa mashine akaniuliza ninafanya kazi gani. Yaya Faustin, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, ndiye aliyejibu: "Muache. Alivimaliza juu yangu, akiniokoa."

Basi nawe chunga. Gari ya kuporwa usiipande hata kwa bure, hujui nani bado amekaa nyuma. Na mwanamke mwenye mimba akikuomba maji, usimuulize ametokea wapi. Mchotee kwanza. Mimi nilimpa kikombe kimoja, na kaka yangu leo ana wajukuu.