Ramani za Nusu Mita

Ofisini walimwita Nusu Mita, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila alipoonyesha mahali bomba linapopita chini ya ardhi, aliwaambia wachimbaji, "Ongezeni nusu mita kila upande." Miaka thelathini na moja alikuwa mpimaji wa idara ya maji. Mkewe alidai kwamba hata kitanda chao kiko nusu mita kutoka ukutani, na kwamba siku akifa atataka kaburi lipanuliwe. Hakukasirika. Kusema kweli jina lilimpendeza, maana lilikuja na sifa: bomba alilolichora Nusu Mita lipo pale pale alipolichora. Sifa kama hiyo huvimbisha kichwa taratibu, mwenyewe asijue.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu. Barabara ya sokoni ilikuwa inapanuliwa, na kabla ya mtaro mpya kuchimbwa, mhandisi wa mradi, binti mkali wa kazi asiyependa maneno mengi, alimwomba aonyeshe lilipo bomba kuu. Bomba hilo ndilo linalopeleka maji kwenye hospitali ya wazazi kule mlimani. Lilikuwa la saruji, kwa hiyo ile mashine ya kutafutia vyuma isingelisikia hata ingelala juu yake. Ilibaki ramani tu, na ramani aliichora yeye mwenyewe miaka ishirini na sita nyuma, kwa wino mweusi na mwandiko ulionyooka: mita nne na sentimita ishirini kutoka ukuta wa mbele wa duka la mikate.

Enzi zile walipima hivyo. Mawe ya upimaji yalikuwa machache tena mbali, ila kuta zilikuwa kila mahali, na nani angefikiri kwamba ukuta hutembea?

Basi akafungua utepe wake, akapima, akapuliza mstari wa rangi ya buluu barabarani. Mtaro ungepita ndani ya mstari huo, upande wa maduka. Katapila likawashwa mwanzo wa barabara, likaanza kuchimba kuja huku. Yeye akaingia dukani kunywa chai, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha.

Mwenye duka, mama wa makamo, alimwekea kikombe juu ya kaunta ya matofali. Nusu Mita akaigonga kwa vidole.

"Kaunta yako nene, dada. Unaogopa wezi wa mikate?"

"We acha tu," mama akacheka. "Huu ndio ulikuwa ukuta wa mbele. Marehemu baba alipotaka kuongeza nafasi alijenga mwingine kule barabarani, huu akaukata hadi kiunoni. Alisema kuubomoa wote ni kujitafutia maumivu ya mgongo."

"Lini hiyo?"

"Mwaka niliomzaa kitindamimba wangu. Sasa anamaliza sekondari."

Akasukuma kikombe kando, akachomoa utepe, akapima kutoka uso wa kaunta hadi uso wa nje wa ukuta mpya. Mita moja na sentimita themanini. Mama alimtazama akidhani amerukwa na akili. Nusu mita yake ile isingefaa kitu hapo: bomba lilikuwa katikati kabisa ya njia ya mtaro, na ngurumo ya katapila ilikuwa inakaribia.

Akatoka mbio, mikono juu. "Zima! Zima kabisa!"

Dereva alizima. Zilikuwa zimebaki hatua kama thelathini kufika mbele ya duka.

Sasa bomba lilikuwa salama, na hapo shetani akapata nafasi. Nusu Mita angeweza kupuliza mstari mwingine na kusema rangi ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Nani angejua? Maneno yalishafika ncha ya ulimi. Wiki tatu tu, aende zake nyumbani na jina lake safi.

Mhandisi akaja, kofia ngumu kwapani. "Mzee wangu, kuna nini?"

Nusu Mita aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda hadi masikioni.

"Nimekosea, mwanangu. Ramani hii niliipima kutoka ukutani. Ukuta umehamishwa, nami sikuuliza mtu, kwa sababu ramani ni yangu. Bomba liko hapa." Akaukanyaga udongo.

Wakachimba kwa sepeto, polepole. Kimo cha kifua wakaliona, la kijivu, zima. Dereva akapiga mluzi, akasema angelipasua kama yai. Mhandisi hakumpongeza mtu. Akauliza swali ambalo Nusu Mita alikuwa analiogopa.

"Nyingine ulizopima kutoka ukutani ni ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Unazikumbuka?"

"Moja moja."

Wiki tatu hizo hakuaga watu. Alizunguka mji mzima na ramani zake kwapani, akigonga milango na kuuliza wenye nyumba: ukuta huu ni wa zamani, au mlijenga upya? Wengine walimdhania mtu wa kodi wakamfungia mlango. Kuta kumi na moja zilikuwa zimehama. Kila aliporudi ofisini aliandika kwa wino mwekundu kando ya sahihi yake: "Kipimo cha ukutani. Usichimbe kabla hujaliona bomba kwa macho."

Siku ya kuagwa kulikuwa na keki, na mkewe alivaa vizuri akakaa mstari wa mbele. Mkuu wa idara alihutubia kwa kirefu, akamalizia kwamba katika miaka thelathini na moja ramani za Nusu Mita hazijawahi kukosea hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Nusu Mita akasimama, akasubiri yaishe.

"Zimekosea kumi na mbili," alisema. "Orodha anayo mhandisi."

Kisha akaketi, mkewe akamsogezea sahani ya keki.