Mlango wa Upande wa Mama

Watu wa mtaani walimwita Fundi Meno, naye hakuchukia, maana ndiyo kazi iliyomweka mjini. Katika chumba cha nyuma cha kliniki moja alichonga nta, akamimina plasta, akang'arisha meno ya bandia ya watu ambao wengi wao hakuwahi kuonana nao. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyependa maneno mengi, na majirani wenye mapengo walipocheka mbele yake walifunika midomo kwa mkono, utadhani angewapima hapo hapo barazani.

Aliishi na mama yake mzazi. Baba alikuwa amefariki zamani, na miaka ya karibuni akili ya mama ilikuwa inakuja na kuondoka. Kuna siku angekutajia ukoo mzima bila kukosea. Kuna siku aliweka viatu kwenye jokofu kisha akashinda akivitafuta. Hakuweza tena kuachwa peke yake. Kwa hiyo kila asubuhi Fundi Meno alimpandisha kwenye gari, akamfunga mkanda, akampeleka kwa mama mdogo upande wa pili wa mji, ndipo naye akaenda kazini. Jioni alimpitia wakarudi pamoja.

Asubuhi moja walikuwa kwenye barabara kubwa inayouzunguka mji, magari yakienda kasi, mama amekaa kiti cha mbele kimya na mkoba wake mapajani. Fundi Meno alikuwa anatazama kwenye kioo lori lililowakaribia kwa nyuma. Ghafla akasikia upepo. Hakuelewa unatoka wapi. Alipogeuka, mkanda wa mama ulikuwa umeshafunguliwa, mlango uko wazi, na mama ametoa mguu mmoja nje, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake.

Alimkamata sweta. Ndicho alichokifikia. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeikwida ile sweta kwa nguvu zote, na lami inakimbia chini ya kiatu cha mama. Hakuthubutu kukanyaga breki, maana angemrusha nje, hakuthubutu kuendelea. Lori lilipiga honi mfululizo. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari lichoke lenyewe, akalisogeza pembeni kidogo kidogo mpaka likasimama kwenye changarawe.

"Nishushe hapa hapa, mwanangu," mama alisema kwa upole. "Nitatembea mwenyewe, usijisumbue."

Vidole vya Fundi Meno vilikataa kuiachia sweta hata baada ya gari kusimama. Ilibidi avifungue kimoja kimoja kwa mkono wa pili.

Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba akilisema jambo lile litakuwa kweli zaidi. Lakini kuanzia siku hiyo hofu ilihamia ndani ya gari kama abiria. Kabla ya kuwasha injini alichukua pindo la gauni la mama akalikalia, ili mama akijaribu kutoka, yeye ahisi. Aliacha barabara kubwa akawa anapita vichochoroni, mwendo wa kobe, huku wenye pikipiki wakimpita na kumgeukia kumwangalia usoni. Hata akiwa kazini aliusikia ule upepo. Daktari mmoja alimrudishia meno aliyoyapanga vibaya, na hilo halikuwa limemtokea tangu akiwa mwanafunzi.

Kosa halikuwa la mama peke yake. Lile gari lilikuwa zee, na loki ya mlango ule ilikwishakufa. Fundi wa gereji alimweleza kwamba kifaa chake hakipatikani tena, ila angeweza kuufunga mlango kwa waya, kazi ya dakika tu.

"Na tukipata ajali," aliuliza Fundi Meno, "tutamtoaje?"

Yule wa gereji alijifuta mikono kwenye tambara, akajifuta tena. Kumweka mama kiti cha nyuma nako kulishindikana. Mama alisema yeye si gunia.

Ikabidi anunue gari jingine. Hapo akalazimika kumweleza kaka yake, kwa kuwa ndiye angesaidia kulipia. Kaka aliuza vifaa vya ujenzi, mtu wa sauti kubwa na roho nzuri, anayeamini kwamba hakuna tatizo lisilokwisha kwa kununua kitu kikubwa zaidi. Alisikiliza nusu tu ya habari. Alisema wazee wote ni wasumbufu garini, dada yake ana woga tangu utotoni, na dawa ni kununua gari la maana, refu, ambalo watu wakiliona barabarani wanasogea pembeni. Akaanza kumtumia picha kwenye simu, magari mapana yenye sura za hasira.

Walikwenda watatu kwenye duka la magari, yeye, kaka na mama. Gari alilolipenda kaka lilisimama mbele kabisa, jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kaka akalizunguka akilipigapiga ubavu. Lakini mama hakuweza kulipanda. Goti halikufika. Kaka akamsukuma kwa nyuma, Fundi Meno akamvuta kwa mbele, mama akaning'inia katikati na mkoba wake mkononi.

"Punda wa nani huyu mnayenipandisha?" mama aliuliza.

Muuzaji, kijana mtanashati mwenye tai, alicheka. Kaka pia alicheka, akamshusha. Fundi Meno alikuwa anaangalia kimo kutoka mlangoni mpaka chini.

Kwa magari mengine alikuwa na ombi ambalo yule muuzaji hakuwahi kulisikia. Alikaa yeye kiti cha abiria, akamwomba muuzaji aliendeshe gari polepole uani, nyuma ya duka. Gari lilipoanza kutembea, milango ikajifunga yenyewe kwa mlio mdogo, na muuzaji akatabasamu kwa fahari. Fundi Meno akavuta kishikio. Mlango ukafunguka palepale.

"Mama, gari linatembea!" muuzaji alisema.

"Ndiyo maana nimevuta sasa."

Kijana akasimamisha, akaeleza kwamba limetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu asinaswe ndani kukitokea hatari. Maneno yale yalikuwa ya busara. Fundi Meno aliteremka, akaenda kujishika ukutani. Alikuwa ameisikia tena, ile pumzi ya upepo, na safari hii alikuwa ameitafuta mwenyewe.

Kulikuwa na gari la tatu, la familia, ambalo milango yake ya nyuma ina loki ya watoto. Ukishaiweka, mlango haufunguki kwa ndani hata uvute namna gani. Kwa maelezo ya muuzaji, shida yao ilikuwa imekwisha. Kumkalisha mama nyuma ndiyo kazi iliyobaki, na muuzaji aliifanya vizuri kuliko watoto wa mama. Alimfungulia mlango, akainama kidogo, akasema, "Bibi, mabosi wote hukaa nyuma." Mama akaingia kama mtu anayekwenda kuapishwa.

Wakaingia barabarani, Fundi Meno kwenye usukani, muuzaji pembeni yake. Kaka alibaki dukani akizungumza na simu. Kwa muda yote yalikuwa shwari, na Fundi Meno aligundua kwamba kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi mabega yake yameshuka. Kisha nyuma yake kishikio kikalia. Tak. Kikalia tena. Tak, tak. Akatazama kwenye kioo. Mama alikuwa anavuta kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

Halafu akaanza kupiga kioo kwa kiganja. Hakupiga kelele za hasira. Alilia kama mtoto, akimwita mama yake, aliyekuwa amezikwa zamani sana, amfungulie, hatarudia tena. Fundi Meno alijaribu kumtuliza kwa maneno, lakini mama hakuitambua sauti ile, na kila alipoambiwa "mama, nipo" alizidi kujibanza kwenye mlango, kana kwamba walioko mbele ndio waliomteka. Muuzaji aligeuka akanyoosha mkono, mama akapiga ukelele.

Kusimama mahali pale kulikuwa hatari, lakini Fundi Meno alisimama. Alimfungulia kwa nje, akamkumbatia kando ya barabara huku magari yakiwapita, na hakujua ni mwili wa nani unaotetemeka kati yao wawili. Waliporudi dukani, muuzaji alikuwa amelegeza tai, na hakutaja tena uzuri wa gari lolote.

Jioni ile mama mdogo alielezwa, naye alikaa akifikiri huku akimsuka dada yake nywele. Alisema yeye hashangai. Nyumba waliyokulia haikuwa na kufuli hata moja. Mlango wao ulizuiwa kwa jiwe, kwa sababu ya mbuzi tu, na mtoto yeyote aliweza kulisogeza kwa mguu.

"Huyu hajazoea mlango unaomkatalia," alisema. "Usimfungie, mwanangu. Ataondoka mapema kwa kihoro."

Basi Fundi Meno akawa kati ya hofu mbili. Akiuacha mlango ufunguke, mama ataanguka. Akiufunga usifunguke, mama atakufa kwa woga mikononi mwake. Alifikiria kuacha kazi. Alifikiria kumpeleka mama kwenye makao ya wazee, akaliogopa wazo lile kuliko yote, kwa sababu huko nako kuna milango. Kwa siku kadhaa hakumtoa mama nyumbani. Jirani alikaa naye, na yeye akiwa kazini aliruka kila simu ilipoita.

Jumamosi alirudi dukani, bila kaka safari hii, amemshika mama mkono. Hakuwa na matumaini makubwa, ila lile gari la zamani lilikuwa limeanza kuzimika njiani. Muuzaji aliwapokea kwa adabu ya mtu aliyewahi kuogopa pamoja nao. Aliwaonyesha kigari kidogo, cha chini, rangi ya maziwa, cha bei ya kawaida. Mama aliketi kiti cha mbele bila kusaidiwa, miguu ikamfuata.

Wakati muuzaji akieleza jinsi linavyokula mafuta kidogo, Fundi Meno alikuwa anautazama mkono wa mama. Aliujua mwendo wake. Ulitoka kwenye mkoba, ukatambaa kwenye mlango, ukaenda pale pale ambapo kishikio cha gari la zamani kilikuwepo. Mkono ukapapasa, ukakuta kitufe, ukabonyeza. Kioo kikashuka.

Mama alishtuka kidogo, akatazama nje, akavuta hewa kifuani. Akakipandisha. Akakishusha tena. Usoni alikuwa ametulia kama mtu aliyegonga hodi akakaribishwa.

Fundi Meno alimkatiza muuzaji, akamwomba amwonyeshe kishikio cha mlango kiko wapi. Kilikuwa mbele zaidi na juu, kidogo, rangi moja na mlango, mahali ambapo mkono wa mama haukuwa na habari napo. Akamtoa mama, akakaa yeye, akamwomba muuzaji aendeshe uani na afunge milango kwa kitufe cha upande wa dereva. Alivuta. Hakikufungua. Alivuta tena kwa nguvu, mpaka kidole kikamuuma, na hakikufungua. Akauliza, je, wakigongwa? Aliambiwa gari likigongwa loki hujifungua zenyewe. Aliamini nusu. Ile nusu nyingine alijua hakuna duka litakalomuuzia.

Kisha waliingia barabara kubwa, wote watatu. Alikuwa hajapita pale tangu siku ile. Jasho lilimtoka mpaka usukani ukateleza, na magari makubwa yalipowapita alihisi yanamvuta. Mahali fulani pembeni ya changarawe, mkono wa mama ukaanza safari yake. Fundi Meno aliuona kwa pembe ya jicho. Upepo ukaingia, mwingi, wenye kelele, na kwa kitambo moyo wake ulisimama. Lakini ulikuwa unatoka juu, dirishani. Mama alikuwa ameuelekeza uso wake nje, macho amefumba.

"Hapa pana hewa," alisema.

Wakalinunua lile.

Kaka alipoliona alisema hajui kama wamenunua gari au kiatu, na kwamba fedha yake ilistahili kitu chenye heshima. Fundi Meno hakubishana. Alimpa funguo, akamwambia kesho yeye ndiye atakayempeleka mama. Alimweleza mambo machache: afunge milango kabla ya kuondoka, asizuie vioo kufunguka hata mvua ikinyesha, na pindo la gauni alikalie. Kaka alicheka hilo la mwisho.

Asubuhi hiyo Fundi Meno alikwenda kazini kwa basi, na akatambua kwamba hofu ya kuendesha ilikuwa nyepesi ukiilinganisha na hofu ya kutokuwepo. Aliweka simu mezani kati ya plasta na nta. Akilini aliwaona wakipita kila kona. Simu ilipoita hatimaye, kaka hakuwa na ile sauti yake kubwa. Alisema wamefika salama, mama yuko kwa mama mdogo anakunywa chai.

"Pale kwenye taa," alisema, "mkono wake ulikuja juu ya mkanda. Sikujua la kufanya. Nilimshika gauni njia nzima."

"Uliendesha kwa mkono mmoja?"

"Ndiyo."

Fundi Meno alimuuliza kama anaweza kumchukua tena siku za Jumatano. Kaka alisema ataweza, ila amfundishe kwanza njia ya vichochoroni.